Shahada Inasubiri, Goti Halisubiri

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kivukoni, Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa vyuo, makocha na wazazi

Nawashukuru waandaaji kwa kuuweka mhadhara huu asubuhi ya Jumamosi. Ungewekwa saa kumi na moja jioni, wachezaji wote wangekuwa uwanjani, nami ningebaki kuwahutubia wazazi, ambao tayari wana msimamo wao.

Nimeombwa nizungumzie jambo linalogombanisha watu majumbani. Kijana yuko chuoni, anacheza kikapu vizuri, anatokea mtu na mkataba mkononi. Amalize shahada au aondoke? Kusudi langu ni kuonyesha kwamba swali hili lina hesabu, na hesabu yenyewe inafanyika. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Dau likiwa kubwa kweli, kijana aende, mradi njia ya kurudi darasani iwe imeandikwa na kusainiwa. Dau likiwa dogo, abaki asome. Shida yetu hapa mjini ni kwamba wengi wanaomshauri kijana hawajui kulitofautisha dau kubwa na dogo.

Nina hoja tano. Hazilingani urefu, mtanivumilia.

Hoja ya kwanza: Hasheem Thabeet aliamua sawasawa

Naanza na mtoto wa nyumbani, kwa sababu kila nikiligusa suala hili vijiweni, jina lake ndilo linalotupwa mezani kama ushahidi. "Angemaliza shule yule!" Naomba tuupitie ushahidi huo kwa utulivu.

Thabeet amezaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusoma Makongo, shule ya jeshi iliyojijengea sifa ya michezo. Akavuka kwenda Marekani, akapita shule za sekondari kadhaa mpaka Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3. Alipomaliza mwaka wa pili, 2008, habari za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilikuwa zimeshaanza kumzunguka, naye akabaki. Sehemu hii watu huisahau: kijana alilipima jambo hili mara mbili, na mara ya kwanza alichagua darasa.

Msimu wa 2008-09 akawa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Akatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East kwa mwaka wa pili mfululizo. Chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, kikatolewa na Michigan State. Tarehe 25 Juni 2009, usiku ambao timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alichukuliwa wa tatu. Stephen Curry akasubiri mpaka nafasi ya saba.

Yaliyofuata mnayajua. Februari 2010 Memphis walimpeleka ligi ya chini, kwa Dakota Wizards, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kushushwa namna hiyo. Akapita Houston na Portland, akafika Oklahoma City, na mwaka 2014 NBA ikawa imekwisha kwake. Akaendelea kucheza Japani, kisha Taiwan.

Sasa niwaulize. Mwaka wa nne wa chuo ungempa nini? Kutoka nafasi ya pili angeweza kupanda ngazi moja tu. Kushuka, angeweza kushuka ngazi ishirini, au goti likaachia mechi ya Januari na asichaguliwe kabisa. Mkataba wa chaguo la pili ulimlipa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka wa kwanza, na kwa taratibu za NBA miaka miwili ya mwanzo ya mkataba wa namna hiyo ni ya uhakika, acheze asicheze. Mwenye kwenda mnada wa samaki pale Feri alfajiri anaelewa ninachosema: samaki yule yule, saa sita mchana ana bei nyingine.

Atasimama mtu aseme mwaka wa nne ungemkomaza kimchezo. Inawezekana; alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, wakati wenzake walianza wakiwa watoto. Lakini tazameni alikoangukia. Memphis walikuwa na Marc Gasol katikati, na Julai ile ile ya 2009 wakamleta Zach Randolph. Wale wawili waliishika sehemu ya ndani ya uwanja kwa miaka mingi. Kijana anayejifunza mchezo anahitaji dakika, na dakika hazikuwepo. Kilichomwumiza ni timu aliyoangukia, na kuhusu timu yeye hakuulizwa. Uamuzi tuupime kwa yaliyojulikana siku unafanywa. Kwa yaliyojulikana Aprili 2009, mzazi yeyote katika ukumbi huu angemwambia mwanawe nenda.

(Naona mama mmoja anatikisa kichwa. Mama, hoja ya pili ni yako.)

Hoja ya pili: kwa walio wengi, ufadhili wenyewe ndio mshahara

Timu za NBA ni 30, na uteuzi una raundi mbili, kwa hiyo wanaochaguliwa kwa mwaka hawazidi 60. Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ni zaidi ya 350. Tukichukua wachezaji 13 kwa kila chuo, tunapata zaidi ya 4,500. Wanafunzi wa chuo cha fedha, IFM, mko hapa, jirani zetu, gawanyeni wenyewe: hata tukisema robo tu wanaondoka kila mwaka, ni zaidi ya watu 1,100 wanaogombea nafasi 60. Na katika hizo 60 mna Wafaransa, Waserbia na Waaustralia ambao chuo hawajakiona. Tena anayechaguliwa raundi ya pili hana mkataba wa uhakika kama ule wa raundi ya kwanza. Anaweza kuchaguliwa Juni, na Oktoba akawa anatafuta timu.

Kijana aliye upande huo wa hesabu anaposema "naacha chuo nikatafute pesa", anasahau kwamba pesa anayo tayari. Masomo, malazi na chakula katika chuo cha Marekani hufika makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Mwenzake aliyebaki hapa amesoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na akipata kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Aliye na ufadhili wa michezo anatoka chuoni hadaiwi hata senti. Wazee watamkumbuka Suleiman Nyambui, aliyekwenda El Paso, Texas, akasoma huku akikimbia, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Enzi zile riadha ilikuwa ya ridhaa, hakuna wakala wa kumgongea mlango wa bweni. Ufadhili ndio ulikuwa malipo, na yalikuwa malipo mazuri.

Huwa tunapenda kumtaja Dikembe Mutombo hapa kama mtakatifu wa elimu. Alitoka Kinshasa akafika Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya udaktari, akamaliza 1991 na shahada ya isimu na diplomasia, akachaguliwa wa nne na Denver, akacheza misimu 18, na mwaka 2007 akafungua hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Mungu amrehemu, alifariki Septemba 2024. Mimi nayasoma maisha yake kwa namna nyingine kidogo. Mutombo alifika Georgetown mchezo haujamkaa, na kila mwaka aliobaki bei yake ilipanda. Kwake darasa na soko vilikwenda njia moja. Thabeet mwaka 2009 alikuwa ameshafika karibu na kilele. Ukiwaweka watu hao wawili kwenye mizani ya maadili, mmoja mwema na mwingine mroho, umekosea mizani.

Na wapo waliokwenda bila chuo wakafanikiwa. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipitia Hispania, akachaguliwa wa saba mwaka 2011. Jonathan Kuminga wa Goma aliingia Ignite, timu ya NBA ya kukuza vijana ambayo sasa imefungwa, naye akachaguliwa wa saba mwaka 2021. Wote wawili wametoka kwenye miji inayozungumza Kiswahili, na wote wawili walikuwa na dau kubwa mkononi kabla hawajaondoka. Zingatieni hilo la "kabla".

Hoja ya tatu: viza ipo mezani, hata msipoitaja

Washauri wetu wengi hunakili ushauri wa Wamarekani kwa Wamarekani. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo kule anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo vyenyewe viwalipe wachezaji moja kwa moja, kila chuo kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 mwaka wa kwanza. Mmarekani anaweza leo kubaki darasani na akawa tajiri. Swali letu la shahada au pesa kwake limeshapungua makali.

Mtoto wetu yuko kule kwa viza ya mwanafunzi. Viza hiyo inamruhusu kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tangazo la viatu halimo. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky. Badala ya kuondoka akarudi chuoni, na kazi zake za matangazo akazifanya Agosti ile timu ilipokwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani, ili asivunje masharti. Mchezaji bora wa nchi nzima anavuka bahari kupiga picha! Mwaka 2023 alipojitokeza kwenye uteuzi, hakuna timu iliyomtaja. Akaanzia mkataba wa kugawana muda kati ya timu kubwa na ya ligi ya chini. Hata hivyo nasema alifanya vizuri kubaki: dau lake la NBA halikuwa kubwa hata siku alipokuwa mfalme wa vyuo, na chuoni alipata alichopata.

La pili kuhusu viza ni gumu zaidi. Khaman Maluach ni Msudani Kusini aliyekulia Uganda, akapita akademi ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke. Tarehe 5 Aprili 2025 timu yake ilikuwa San Antonio kwenye nusu fainali ya taifa. Siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ikatangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Fikirini kijana wa miaka 18, jioni ana mechi kubwa kuliko zote alizowahi kucheza, na simu inamletea habari hiyo. Miezi miwili baadaye akachaguliwa wa kumi na kuishia Phoenix Suns. Alikaa chuoni mwaka mmoja. Nani anathubutu kumwambia alipaswa kukaa minne, ikiwa ukaaji wenyewe unaweza kufutwa kwa tangazo la jioni moja?

Kwa hiyo mzazi, ukikaa na mwanao kulijadili hili, pasipoti iwe mezani pamoja na matokeo ya mitihani.

Hoja ya nne: hapa kwetu, wengi wanaoacha chuo hawaendi popote

Nimezungumza Marekani vya kutosha. Nendeni jioni JMK Park, pale Kidongo Chekundu, jirani na Kariakoo yenyewe. Mtakuta watoto wenye kaptura za shule chini ya jezi, viatu vinavyobadilishana miguu kati ya mechi na mechi, na pembeni ya kiwanja mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayechezea klabu ya ligi ya mkoa, BDL, akiangalia kwenye simu kama ana sapu, yaani mtihani wa kurudia. Yeye hajafadhiliwa na kikapu. Anasoma kwa bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, na mpira anaucheza baada ya vipindi.

Kijana mmoja wa namna hiyo alinionyesha mkataba wake. Klabu siitaji. Ni karatasi moja, na maandishi hayakufika nusu yake. Posho kwa mechi, nauli, na sentensi inayosema mchezaji "atajituma muda wote". Muda wa mkataba haukuandikwa. Akiumia atatibiwa na nani, kimya. Shahidi hakuna. Chini pana sahihi mbili na muhuri uliopigwa kwa pembe. Kwa karatasi hiyo alisafiri mkoani wiki ya mitihani, akakosa karatasi mbili, na mwisho wa mwaka akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Leo posho haipo, maana klabu imepata kijana mwingine, na chuo hakipo.

Hilo ndilo dau dogo ninalolisema. Lina jezi, lina picha kwenye simu, watu mtaani wanakuita "staa", lakini halimlipii mtu pango la mwezi.

Lipo dau la nyumbani ambalo watu hulidharau isivyostahili. Timu za majeshi, JKT kwa mfano, zinaweza kumpa mchezaji njia ya ajira, na ajira ya jeshi ina mshahara, matibabu na pensheni. Filbert Bayi alikuwa askari alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Kijana mwenye sapu tatu aliyepata nafasi ya namna hiyo, simlaumu akiahirisha masomo. Nimesema kuahirisha, siyo kutoroka. Na tangu mwaka 2021 Afrika ina ligi yake ya klabu bingwa, BAL, iliyoanzia Kigali, hivyo njia ya kulipwa bila kuvuka Atlantiki imefunguka. Bado ni nyembamba.

Hoja ya tano: kurudi darasani kuandikwe

Nimesema shahada inasubiri. Michael Jordan aliondoka North Carolina mwaka 1984, akamaliza shahada yake ya jiografia 1986. Shaquille O'Neal aliondoka Louisiana 1992, akavaa joho Desemba 2000. Vince Carter, tarehe 20 Mei 2001, alihudhuria mahafali asubuhi North Carolina, akapanda ndege kwenda Philadelphia kucheza mechi ya saba ya nusu fainali ya kanda, akakosa mtupo wa mwisho, na Toronto ikatolewa kwa pointi moja. Alilaumiwa sana. Mimi nadhani alifanya jambo la kiungwana, ingawa mashabiki wa Toronto mliomo humu, kama mpo, hamtanisamehe.

Lakini hao ni mabilionea na mamilionea. Walikuwa na pesa ya kujirudisha. Kinachotufaa sisi ni utaratibu. Katika besiboli ya Marekani, kijana akisaini mapema, mkataba wake unaweza kuwa na kipengele kinachoilazimu timu kulipia mihula ya chuo atakaporudi. Jambo hilo haliachiwi ahadi ya mdomo ya mtu anayekupa lifti kwenda mazoezini.

Hapa nyumbani kanuni za vyuo tayari zinaruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo kwa barua na sababu. Wanaougua wanaitumia, wanaojifungua wanaitumia. Mchezaji haitumii kwa sababu hakuna aliyemwambia. Yeye huacha tu kuhudhuria, na jina lake linafutwa. Tena tuna Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinachofundisha watu waliko. Mchezaji aliyesajiliwa Kigali au Kampala anaweza kusoma huko huko kati ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni. Saa anazo. Wachezaji mlio hapa mnajua mchana wa kambini unavyokuwa mrefu, na mnajua mnaumalizia kwenye nini.

Mwenyekiti, sasa nitazame mbele. Msimu ujao wa BDL utafunguliwa, vyuo vitapokea wanafunzi wapya, na mawakala watapita kama kawaida yao. Naomba mambo matatu yawe tayari kabla. Vyuo vya jijini viweke fomu moja ya kuahirisha masomo kwa sababu ya michezo, yenye tarehe ya kurudi na sahihi ya klabu. Viongozi wa ligi wakatae kumsajili mwanafunzi ambaye mkataba wake hausemi muda, matibabu na ratiba ya mitihani. Na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, pamoja na walimu wao, waweke meza viwanjani siku za mechi, JMK Park na Don Bosco kwa kuanzia, wawasomee wachezaji mikataba bure kabla kalamu haijagusa karatasi. Nimeshaongea na walimu wawili watatu. Wamekubali kuanza iwapo ligi itawapa kivuli na viti. Viongozi wa ligi mko humu ndani, na nafasi ya kujibu mnayo sasa hivi, kabla hatujaingia kwenye maswali.